Ukoko

Idd Pili, Lindi. Fedha ya ufuta imeingia,
nikamwambia mama: leo hupulizi moto.
Nikamketisha hotelini, Mikumbi, chini ya feni,
kitenge chake kipya bado kinanukia duka.

Bi Somoe hakujua mikono aiweke wapi.
Akapanga vijiko.
Akafuta meza iliyokwisha kufutwa.
Sahani zilipoletwa akagawa yeye:
paja kwa kaka Mshamu, minofu kwa wajukuu,
kwake shingo,
kama kawaida, shingo,
utadhani ana deni la zamani na kuku.

"Pilau yao si mbaya," akasema,
yaani bizari imelala.

Kisha akamwita kijana wa kuhudumia:
"Mwanangu, ukoko huwa mnampa nani?"
Kijana akacheka, akatuona hatucheki,
akaingia jikoni.
Tukasikia sufuria ikikwanguliwa,
sauti ya nyumbani kabisa,
watoto wakanyoosha shingo.

Akarudi na kisahani.
"Mpishi anasema hajapata kuulizwa.
Anasema shikamoo."

Mama akaitikia kuelekea jikoni, kwa sauti.
Akauvunja vipande saba,
na, jambo sijapata kuliona,
cha kwanza akala yeye.