Dakika Nane

Daktari ameandika kwa kalamu nyekundu:
chumvi, hapana. Kukaanga, hapana.
Siagi, akaipigia mstari mara mbili,
kama mwalimu aliyechoshwa na mtoto yule yule.
Mimi niliyekaanga hamsi miaka arobaini na moja,
nikiwagaragaza kwenye unga wa mahindi
hadi wakalia kwacha mdomoni,
nimekalishwa kitini karibu na dirisha,
blanketi magotini,
na amri ya kutosimama.

Kwa hiyo leo Tevfik kaingia jikoni.

Mume wangu ni fundi saa.
Samaki kawanunua mwenyewe, soko la chini, theluji ikianguka,
kilo nzima kwa watu wawili,
akarudi na masikio mekundu kuniuliza kama wametosha.
Hamsi, urefu wa kidole, mgongo wa buluu,
wametoka Bahari Nyeusi
ambayo tangu Jumatatu ni ya kijivu tu.
Kavaa lenzi yake ya jicho moja.
Kafungua kisanduku cha vifaa,
na kwa kibano cha kuokotea skrubu
akaanza kuchomoa miti ya mgongo,
mmoja,
halafu mmoja,
akiipanga kwenye gazeti, vichwa upande wa kaskazini.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini gumba moja, likipitishwa tumboni kwa hamsi,
linang'oa uti, kichwa na mkia kwa pumzi moja.
Sikumwambia.
Alikuwa amefika hamsini na tatu
na uso wake ulikuwa umetulia
kama siku zile za saa ya mnara wa stesheni.

"Liki, pete ngapi?"
Kata tu.
"Unene gani?"
Kata, Tevfik.
Akakata. Karoti zikatoka magurudumu,
yote sawa, yamekosa meno tu yazunguke.
Kabichi nyeusi kaichambua mshipa kwa mshipa.
Nyanya moja, ya mwisho kwenye kapu.
Mboga chini, samaki juu kwa duara, mikia katikati,
vipande vya limau, maji nusu kikombe,
mafuta ya zeituni kijiko kimoja
(hicho daktari alikiacha, nadhani alisahau).
Kifuniko.

"Nane," akasema,
akaitundika saa yake ya mfukoni
kwenye msumari mmoja na kikaango changu.
Kikaango cheusi, kilichonona,
kinanitazama kama ng'ombe aliyeachwa zizini.

Mvuke ukapanda, dirisha likafumba,
theluji sikuiona tena.
Dakika ya sita harufu ikageuka.
Siwezi kuieleza: ilikuwa bahari,
ikawa chakula.

Toa, nikasema.
"Bado mbili."
Toa sasa.
Akaitazama saa. Akanitazama mimi.
Arobaini na moja, na hajawahi kuchelewa hata siku moja,
wala kuwahi.
Akazima moto.

Nyama ilikuwa nyeupe, nzima, ikiachana kwa uma bila ugomvi.
Liki ilikuwa tamu. Karoti bado zina msimamo kidogo.
Nilitafuna huku ulimi ukiitafuta chumvi,
kama mkono unaopapasa ukuta wa nyumba ngeni
kutafuta swichi ya taa.
"Kuna kilichopungua?"
Kipo, nikasema.
Moyo huu sasa hauwezi hata uongo mdogo.

Akanisogezea limau.
Ndipo nilipoona kopo la chumvi liko juu ya kabati,
kule ambako hata yeye hafiki bila stuli,
na sahani yake, kama yangu, haikuguswa nayo.
Yeye moyo wake mzima.
Hakuna aliyemkataza kitu.

Sahani zilioshwa kwa maji matupu, hazikuwa na mafuta.
Alizifuta mara mbili, kila moja.
Kesho, kasema, nusu kilo inatosha.
Nikanyoosha mkono nje ya blanketi,
nikamwonyesha gumba.