Lango la Zizi, Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, Friesland. Barafu imekaza mitaro,
na ng'ombe nambari arobaini na saba
anakwenda mwenyewe kukamuliwa.
Hakuna aliyemswaga. Hakuna fimbo wala mluzi.
Anasimama mbele ya lango la chuma,
anapumua, na mvuke unapanda hadi kwenye taa.

Mashine inaisoma kola yake, inapiga hesabu:
saa tatu tu zimepita tangu akamuliwe.
Lango la kulia halitikisiki, la kushoto linafunguka,
naye anajikuta nje tena,
upande ule ule wa tamaa.

Baukje Terpstra anayatazama haya
akiwa na koti la marehemu mumewe juu ya nguo ya kulalia.
Wobbe aliikopea mashine hii benki
mwaka ule mgongo wake ulipomgomea.
Alikuwa akisema, "Imekataa." "Imeamua." "Leo imenuna,"
na Baukje humcheka:
chuma hakinuni, Wobbe, chuma hushika kutu.
Sasa yeye ndiye anayesema imenuna.
Hana wa kumcheka.

Arobaini na saba anazunguka, anarudi.
Kiwele hakijajaa, hilo kila mtu analiona.
Anazitaka punje tamu
ambazo bomba humwagia kila anayeingia, kama rushwa.
Anamngoja mwenzake mnene apite,
anajibanza nyuma ya mkia wake, shingo chini,
mwizi kamili mwenye kwato nne.
Ukiniuliza nani humu ndani ana kusudi,
nitaanza na huyu.

Lugha ninayoandikia husema penye nia pana njia.
Lakini hapa njia imechomelewa, ina bawaba na waya,
nami nabaki kuugeuzageuza msemo mdomoni:
penye njia, je, pana nia?
Mkono wa mashine unapapasa chini ya tumbo la yule mnene,
mwanga mwekundu unatafuta chuchu,
unakosa, unarudi, unakosa,
unarudi bila kutukana.
Uvumilivu, ungesema.
Ila aliyeandika "rudia mara tano"
aliandika mchana, penye joto,
labda akimuwaza ng'ombe, labda akiiwaza kodi ya nyumba,
na nia yake, kama ilikuwapo, imebaki humu
kama joto kwenye kiti kilichoachwa.

Mezani jikoni kuna karatasi.
Mnunuzi kutoka Drachten atafika Alhamisi:
ng'ombe wote, mashine, hata ndoo.
Baukje ametia sahihi jana usiku.
Aliweka kikombe, mkono ukaenda,
na yeye akajua kwa kuuona wino.
Sababu zilifika baadaye, deni, magoti, bei ya maziwa,
kama ndugu waliochelewa mazishi
na kila mmoja anaapa ndiye aliyechimba kaburi.

Amesimama. Arobaini na saba anamtazama,
au anatazama mahali alipo.
Kwenye kioo kuna kitufe ambacho Wobbe alimkataza kukigusa.
Anakigusa.
Lango la kulia linafunguka bila kinyongo,
ng'ombe anaingia kama mwenye nyumba,
punje zinamiminika.

Kisha mashine inauliza. Lazima iulize, imeandikwa hivyo:
*Sababu ya kuruhusu?*
Ugonjwa. Majaribio. Nyingine.
Kidole kinasimama hewani
muda mrefu kuliko kilivyosimama juu ya karatasi ile ya jana.
Nyuma yake taya zinasaga, zinasaga.

Nyingine, anabonyeza.
Chini pametokea nafasi ya kuandika maelezo.
Anaiacha wazi.
Kwenye bomba yanapita maziwa, nusu lita, hayafiki,
na mashine inayaandika.