Kutu Iliyosomeshwa

Chupa haizidi kidole changu cha mwisho.
Ndani yake mna weusi kama wa kahawa iliyosahauliwa jikoni:
chuma kilichosagwa hadi kikasahau uzito wake,
maelfu ya chembe zinazoweza kupanga foleni
juu ya upana wa unywele mmoja, na nafasi ikabaki.
Kutu, kwa kweli.
Kutu iliyosomeshwa.

Sumaku ya kununuliwa tunayo, imo kabatini.
Lakini usiku, umeme wa Mbarara ukikatika
na jenereta ikikohoa nje kama mlinzi,
natumia niliyoing'oa kwenye spika
ya redio ya babu yangu Bitarabeho.
Naisogeza ubavuni mwa sahani.
Seli zilizomeza chuma
zinajigeuza, zinafuata,
polepole, kama ng'ombe waliosikia mluzi.

Babu alichimba mawe mekundu kule Muko.
Alivukuta viriba mpaka jiwe likakubali kuwa jembe.
Siku za kuyeyusha alilala peke yake, hakugusa chumvi.
Mimi navaa glavu, nanawa mara mbili,
sizungumzi juu ya sahani iliyo wazi.
Miiko imebadili jina tu.

Kenyangi hufagia hapa tangu saa kumi na moja alfajiri.
Aliona seli zikitembea. Hakuuliza kitu.
Jumatatu, sumaku haikuwepo mezani.

Niliikuta wodini, kitanda cha tisa,
imefungwa kwa kipande cha kitenge
kwenye taya la mwanawe, Akampurira,
taya lililovimba kama la aliyebania kiazi.
Miaka sita. Kichwa kimepukutika nywele
kwa dawa inayonyesha kama mvua,
shambani na barabarani,
isiyojua mche wala mwamba.

"Inavuta?" mama akaniuliza.

Ningesema: hadi sasa ni panya tu,
panya kumi na wawili,
na wanne walikufa bila kutueleza sababu.
Ningesema: kibali, bajeti, miaka.
Nikasema: sumaku haivuti, mama, mahali pasipo chuma.
Lazima kwanza kitu kiingie,
kibebe dawa mgongoni, kishuke na damu,
kisha mtu asimame nje, aite.

Akafikiri. Akafungua fundo.
"Kumbe mnachotengeneza," akasema,
"ni kitu cha kuitika."

Nimeliandika neno hilo daftarini,
kati ya halijoto na tarehe,
mahali ambapo mkaguzi atauliza ni kipimo gani.

Sumaku sikuichukua.
Nilipogeuka mlangoni, Akampurira
alikuwa ameinama, anaipitisha chini ya kitanda.
Ikarudi na pini mbili, kizibo cha soda,
na msumari ambao hakuna aliyejua umetoka wapi.
Akacheka,
kwa upande mmoja wa uso.