Makato

Jumamosi nilichelewa.
Karatasi ya wanaojitolea ilibandikwa kwa uji wa muhogo
mlangoni pa ofisi ya kata, Kitangari,
na kazi nzuri zote zilikwisha kuwa na wenyewe:
Shaweji na wenzake kupaka chokaa zahanati,
wasichana wa kwaya kufyeka njia ya kisimani,
Ausi, kwa kuwa ana pikipiki, kusomba maji.
Chini kabisa mstari mmoja ulikosa jina:
Kukata kucha za wazee. Barazani. Saa tatu.
Mtendaji akanitazama viatu, akanipa kalamu.
"Wewe si karani? Umezoea vitu vidogo vidogo."

Nikapewa beseni, robo mche ya sabuni,
na mkasi uliokwisha kata bandeji za nusu ya kata.

Mzee Likunguni alikuwa na kucha za mpuliza salfa,
njano hadi kwenye shina, ngumu.
Nilizilowesha mpaka akasinzia.
Wa pili alicheka tangu kidole cha kwanza.
Alisema hajatekenywa tangu mumewe afariki,
na kwamba marehemu mwenyewe alikuwa mvivu.

Wa tatu akaketi, akatandaza khanga magotini.
Sikumjua kwa uso. Nilimjua kwa kisigino:
ufa mmoja mrefu, umeshonwa kwa uzi mweusi.
Kisigino hicho kilisimama mbele ya mizani yangu
ghalani, Novemba,
siku niliyoinamia daftari nisimwone macho.
Gunia lilisema sabini na nane.
Kalamu yangu ikasema sabini na tano.
"Makato, mama. Unyevu. Na gunia lenyewe."
Hakuuliza ni gunia gani lenye kilo tatu.

Huku kwetu neno hilo lina meno.
Unakatwa ushuru, unakatwa pembejeo,
unakatwa kauli ukiuliza, unakatwa stimu ukijibiwa.
Na mimi leo nilikuwa nakata tena,
mkono uleule,
ila kwa magoti.

Somoe Nanjota. Jina nililikumbuka
kwa mwandiko wangu mwenyewe.
Alinitolea kidole kimoja kimoja
kama mtu anayelipa deni kwa awamu.
Nilijitahidi. Kila kucha niliitoa nzima, kipande kimoja,
kama mwezi mwandamo.
Nilipovuka kwenda mguu wa kushoto akasema:
"Mkono wako leo mwepesi, mwanangu."

Leo.

Nikalitafuta jicho lake.
Lilikuwa linamtazama Shaweji na chokaa yake.

Nilipomaliza nikakunja gazeti, nikaelekea jalalani.
"Lete."
Nilisahau: kucha hazitupwi ovyo, zinafukiwa,
na anayezifukia ni mwenyewe.
Akalifungua gazeti mapajani, akahesabu,
akizipanga mbili mbili kama mbegu za kupanda.
"Tisa."
"Bibi, labda moja ilikuwa fupi mno, ikapotelea majini..."
"Nilikuja na kumi."

Hakupandisha sauti. Mzee Likunguni alizinduka hata hivyo.

Basi nikamwaga maji ya beseni taratibu,
nikiyachuja kwa vidole. Hakuna.
Nikawasha tochi ya simu, mchana kweupe,
nikaingiza kichwa chini ya benchi:
pamba, vifuniko vya soda, siafu mmoja aliyepotea njia,
maganda ya korosho, shilingi hamsini.
Shati langu la ukarani likafagia sakafu yote.
Nje wenzangu walikwisha maliza.
Niliwasikia wakipigana picha mbele ya ukuta mweupe,
wakigawana mihogo,
mmoja akiuliza, "Yule wa kucha yuko wapi?"

"Umeiona?" sauti ikashuka kutoka juu.
"Bado, bibi."

Miguu yake ilikuwa mbele ya pua yangu,
safi, inanukia sabuni,
ule uzi mweusi umelowa, umekaza.

"Tafuta tu," akasema, akijifunga khanga vizuri.
"Usipoipata leo, Jumamosi nyingine ipo."