Saa Saba na Dakika Ishirini

Muuguzi Gunvor kanipa karatasi yenye mistari:
saa aliyoamka, saa aliyolala tena,
na safu ya mwisho, nyembamba: sababu.
Jaza kila usiku, alisema,
kana kwamba usiku huniachia mkono mtupu wa kuandikia.

Hapa Kiruna jua la Juni halina adabu.
Linabisha, haliitikiwi, linaingia.
Nimebandika karatasi za fedha, zile za kuokea samaki,
juu ya vioo vyote vya chumba cha Siiri,
na bado limepata tundu la msumari,
likapenyeza kidole hadi shavuni pake.

Saa saba na dakika kumi anafumbua jicho moja.
Halii. Anasikiliza.
Nami nimesimama jikoni, soksi mguu mmoja,
nahesabu vijiko vya maziwa,
vinne, vitano, au hicho ndicho kilikuwa cha tano?
Namwaga. Naanza upya.

Chini ya kitanda chake kuna zulia,
chini ya zulia mbao, chini ya mbao mwamba,
na mita elfu moja ndani ya mwamba
yuko mama yake, Hillevi, na kofia yenye taa,
amekwisha kushindilia baruti kwenye matundu,
amejitenga na wenzake, wanakunywa kahawa.
Ishirini ikigonga, mtu hubonyeza kitufe.
Vikombe vyetu kabatini husalimiana.
Nyumba hupiga kwikwi moja.
Ndipo Siiri hulia.

Mimi nilizaliwa mtaa huu huu.
Miaka thelathini na mitatu nimelala fofofo juu ya baruti,
mlipuko siusikii kama nisivyosikia
damu yangu ikizunguka.
Mtoto wa miezi mitano
kanifungua masikio kama kopo, bila huruma.

Namzungusha sebuleni. Nje ya dirisha
barabara imepanuliwa ili nyumba zipite:
mji unahama, mgodi unautafuna kwa chini.
Jana ilipita nyumba ya akina Niemi juu ya lori,
mapazia yangali yamening'inia,
polepole kuliko mtoto anayejifunza kutambaa.
Nikawaonea wivu madereva wale:
wana mashine ya kubeba kitu kizima kizima
bila kukiamsha.

Mimi nina mikono miwili
na hatua kumi na moja toka kochi hadi kitandani.
Ya saba ina ubao unaolia.
Nauruka ubao. Linalia goti.
Macho hayo, pima, kama visahani.
Haya, bibie, tuanze tena.

Kuna usiku nilimchukia. Niseme tu.
Dakika mbili, tatu hivi, bafuni,
bomba nimelifungulia lifoke nisimsikie.
Kisha nikanawa uso, nikarudi.
Karatasi ya Gunvor haina safu ya hilo.

Ijumaa, sikukuu ya kiangazi, mgodi ulinyamaza.
Hillevi alikuwa nyumbani, kifudifudi,
vumbi la chuma bado kwenye kingo za kucha.
Saa saba na dakika kumi nikaamka mwenyewe.
Nikachukua chupa, nikasimama mlangoni.
Ishirini ikafika.
Vikombe kimya.
Ishirini na tano. Siiri hajatikisika.
Nikangoja kishindo kama mdai
aliyekuja kubisha, kumbe mdaiwa kahama.

Hillevi akaja nyuma yangu, akanong'ona: Mwache.
Anapumua?
Anapumua. Mwache.
Nilitaka kuwa na hakika tu.
Nikamwekea kidole chini ya pua,
kidole kilichotoka kushika chupa ya baridi.

Saa aliyoamka: saba na dakika thelathini na moja.
Saa aliyolala tena: alfajiri, kama hapa kuna alfajiri.
Sababu:
nikatafuna kalamu, Hillevi akichekea ndani ya mto,
nikaandika
baba.