Mbegu ya Ukwaju

Saa nne usiku, ghorofa ya tatu, Ngara.
Lifti imekufa tangu Pasaka.
Mlango una makomeo matatu, na nyuma ya makomeo
sauti inauliza: "Kuhesabu watu, au kuomba mchango?"
"Kuhesabu, Mama. Naitwa Nyanchama."

Bi Jamnaben Vaghela, miaka themanini na minne.
Anaishi peke yake. Naandika: mmoja.
Maji: ya mfereji, Jumanne na Ijumaa.
Kishikwambi kinauliza alikozaliwa,
nami nabonyeza: Nje ya Kenya.

"Nje ni kubwa," anasema. "Andika Vadlipur."
"Hakuna nafasi, Mama."
"Basi sikiliza. Masikio hayajai."

Siku niliyoolewa tulikuwa mia sita na arobaini,
pamoja na mtoto wa mfinyanzi, aliyezaliwa alfajiri ile.
Nyumba mia na tisa. Visima viwili, kimoja kichungu.
Stesheni ilikuwa maili tisa,
na garimoshi lilisimama dakika mbili tu:
ukiwa na sanduku zito, huagi mtu.
Kabla ya stesheni kuna mto, na mto hauna daraja.
Mvua ikishika, miezi mitatu
hatuendi, hatujiwi.
Wa kufa anafia pale, wa kuzaliwa anazaliwa pale,
na hesabu haikosei.

Anamimina chai kwenye kisahani, anaipuliza,
anaisahau.

Kisha daraja likaja. Mwaka uleule, lami.
Basi mara mbili kwa siku, saa moja na saa kumi.
Walimvika dereva shada la maua mpaka haoni usukani.
Usiku mbuzi walikwenda kulala juu ya lami,
kwa joto lake.
Mtoto wa kaka yangu, Mahipat, akafungua kibanda cha chai kituoni.
Kazi yake ya pili hakuna anayemlipa:
anayepanda basi, anamwekea jiwe;
anayeshuka, mbegu ya ukwaju.
Hunipigia simu Jumapili.
"Shangazi, mawe yamejaza debe. Mbegu
bado zinaenea kiganjani."

Tuliiombea barabara miaka thelathini ituletee daktari.
Ikaja. Ikamkuta mgonjwa kituoni,
amevaa viatu, ana tiketi.

"Sasa ni mia tatu na kumi na mmoja," anasema,
kisha anainua kidole. "Na wawili. Nami."

"Mama, sheria ni kwamba mtu huhesabiwa
pale alipolala usiku wa leo."

"Nani amekwambia nalala?"

Nyuma ya jengo mto wa Nairobi unajikokota na uchafu wake,
na barabara ya Thika inanguruma, haijui usiku.
Mimi nami nakumbuka lami ya kwetu,
ilivyofika nyeusi, inang'aa, tukaigusa kwa nyayo,
na wiki ya pili nilikuwa ndani ya basi, kiti cha dirishani,
nimepakata kuku wa shangazi yangu wa mjini.
Sijawahi kuuliza tulibaki wangapi.

"Na wewe, binti, wamekuhesabia wapi?"

Milango sitini na minane tangu jua lizame,
wangu haumo.
Nasema watapita kesho. Nasema
jirani ana ufunguo. Nasema mambo mengi.

Anaingia jikoni akiburuta ndara.
Nasikia kifuniko cha kopo, kimegoma, kimekubali.
Anarudi, ananishika mkono
kama anayempima mtoto homa,
na kuniwekea kitu kidogo, kikavu, laini upande mmoja.

"Umeshuka," anasema.

Makomeo yanafungwa nyuma yangu, moja, mbili,
la tatu linachelewa.
Naishika ngazi gizani, mlango wa sitini na tisa uko chini,
kishikwambi mkono wa kulia kikiniulizia jina la mtaa,
na mkono wa kushoto
nimeufumba.