Mahali pa Asili

Fomu ina kurasa nne, Deo, na moja nimeshaiharibu.
Kalamu ilimwaga donge juu ya jina la mwanao.
Bwana wa dirisha la tatu akasoma, "Aina?
Aina gani?" Nikamwambia ni Aino,
kwa o, kama ndoo inavyoishia.
Akacheka kidogo, akanipa nyingine bure.

Nimekaa kwenye benchi la duka la fotokopi, Barabara ya Nane,
bahasha nimeikalia isipeperushwe na feni.
Kuna visanduku viwili, kimoja nikitie vema.
Cha kwanza, uraia: atapewa kitabu chetu,
na akishakuwa mtu mzima ataulizwa
aukate mkono upi.
Cha pili, hadhi ya wenye asili:
aje, akae, ajenge akitaka,
ila siku ya kura foleni atuachie wenyewe.
Ulisema kwenye simu, "Dada, amua wewe uliye karibu."
Karibu na nini, Deo?
Mimi niko karibu na stapla.

Wanataka uthibitisho wa babu yake.
Cheti cha kuzaliwa hakuna; nani angemwandikia?
Nimefungua lile kopo la mama la maziwa ya unga:
vifungo, rozari iliyokatika,
stakabadhi ya baiskeli, na kipande.
Kipande, Deo. Kile cha mkonge.
Vijumba thelathini, kila kimoja siku aliyokata,
mhuri wa kambi ya Pongwe, namba yake ya manamba,
na jina letu wameliandika Bano,
M imebaki njiani, labda kwenye lori.
Chini yake, kwa wino uliogeuka rangi ya chai:
Kwao, Songea.

Kwa hiyo namrudisha mtoto Tanga
kwa karatasi inayosema Tanga si kwetu.

Nimenunua maji, nimeyanywa yote.
Mama mmoja wa Kidigo, pembeni yangu, akauliza,
"Kwenu wapi?" Nikasema Pongwe.
Ulimi ulitangulia, mimi nikafuata.

Kitovu changu kiko nyuma ya jiko la kambi.
Chako kiko chini ya mkorosho waliokuja kuukata.
Cha Aino, pale hospitali ya Tampere, walikipeleka wapi?
Hukuuliza. Najua hukuuliza.

Picha ya kwanza ilikataliwa, nywele zimefunika masikio.
Mkatuma ya pili, na ndiyo hayo,
yamesimama kama vishikio vya chungu,
yale yale yaliyozuia kofia ya baba isimshukie machoni.
Nikamwekea bwana wa dirishani picha na kipande, sambamba.
Akasema masikio si kiambatisho.

Juzi aliniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake
cha kupima kila neno kwa kidole, kama maji ya kuoga,
"Shangazi, nikija nitakuwa mgeni?"
Nikasema hapana, upesi mno.
"Maana mgeni haoshi vyombo," akasema.
"Mimi napenda kuosha vyombo."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Baba yetu alipewa kisu cha mkonge
siku ile ile aliyoshuka.

Nimetia vema kisanduku cha pili.
Ukikasirika, kasirika; wino umeshakauka.
Asikatwe mkono wowote kwa sasa.
Penye Mahali pa Asili nimeandika Pongwe, Tanga,
kisha, nje ya mstari, kwa herufi za kubana: na Songea.
Bwana aliona. Hakusema kitu.
Aligonga mhuri, nusu yake juu ya Songea,
nusu juu ya meza.

Turudi baada ya siku ishirini na moja, za kazi.
Kipande nimekataa kukiacha, amechukua nakala.
Tuma ada kabla ya Ijumaa.
Na mwambie Aino
masufuria yetu yana masizi.